Jembe la Mama kwenye Trekta la Bwana Shamba

Jirani na ninapoishi siku hizi kuna kijana anayechomelea mageti. Akianza kukata chuma kwa msumeno, ule mlio wa kukwaruza hunipandisha hasira kabla hata sijajua nimemkasirikia nani. Huinuka nikafunga dirisha. Wajukuu wangu wanasema bibi hapendi kelele, nami nawaacha waamini hivyo. Ninyi nitawaambia ukweli.

Tulikuwa tunakaa Matiri, wakati wa Waingereza, na baba yangu alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge na sanduku la vifaa lililompa jina la Fundi. Bwana Shamba wetu, kijana wa serikali aliyetoka mbali na asiyejua Kimatengo, aliletewa trekta dogo la kulimia bustani ya mfano pale bondeni. Lilikuwa la kutembea nyuma yake huku umeshika mikono miwili kama ya toroli. Lilikuja na plau moja tu, na plau yenyewe ikavunjika kwenye kisiki hata wiki haijaisha. Baba akasema vyombo vya trekta atavitengeneza yeye.

Akavitengeneza kweli, sitamnyima haki yake. Kuna lori lilikuwa limekufa kwenye mteremko wa kwenda Mbamba Bay. Baba na wenzake wakalichuna kama ng'ombe wa sikukuu. Ekseli ikawa tela, na mbao za tela zilitoka kwenye kitanda kibovu cha misheni. Kisha akaanza chombo cha palizi: boriti ya chuma yenye meno ya springi, na kila jino likifungwa bapa kwa boliti mwishoni ili likate magugu. Mabapa hayo aliyakata kutoka majembe yaliyolika. Wanawake wa kijiji walileta vipande vyao kwa moyo mweupe, maana waliambiwa chombo hiki kinakuja kuwapumzisha.

Kuwapumzisha! Trekta lenyewe halikuwa na uwezo wa kupanda hata mteremko wa kanisani, na mashamba yetu yote yalikuwa milimani, kwenye ngolo. Kama hujaona ngolo, ni hivi: wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafukia, hadi mlima mzima unabaki vishimo vilivyozungukwa na matuta. Juu ya matuta hayo tulipanda maharage mvua zikikaribia kwisha. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Wanawake walialikana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na kazi hiyo ya zamu tuliiita ngokela. Usipokwenda na jembe lako kwa wenzako, hakuna wa kuja kwako.

Jumapili moja, katikati ya msimu huo, mama alikwenda misa. Mimi nilibaki na mdogo wangu aliyekuwa na homa. Kesho yake mzungu mgeni angekuja kuangalia bustani, na jino moja la chombo cha baba lilikuwa bado halina bapa; vipande vya mwisho vilikuwa vimepasuka alipovitoboa. Nikamwona anaingia ndani, anatoka na jembe la mama, zima, pana, alilopewa na mama yake siku alipoolewa.

"Baba, hilo la mama," nilisema.

"Mama yako atafurahi. Trekta likishaanza kulima, nani atahangaika na jembe?"

Akalibana, akaanza kukata. Mpaka leo ule mlio ninao kwenye meno.

Mama aliporudi alisimama mlangoni. Aliutazama mpini mtupu, akasema taratibu, akimwita baba kwa jina langu, "Baba Kandida, kesho kutwa ni ngokela kwa mama Ostina. Niende na nini?" Baba akamwambia asubiri kahawa iuzwe. Kahawa ilikuwa bado mbichi mitini.

Siku iliyofuata kijiji kizima kilikwenda bondeni. Trekta lilinguruma, meno yakapita katikati ya mistari ya kabichi na kuacha udongo umelainika. Mgeni alimpa baba mkono. Kiswahili kilikuwa bado hakijamwingia mzungu yule, kwa hiyo Bwana Shamba alimtafsiria. Mgeni akauliza kama kuna mwenye la kusema. Wanaume wakasema yao. Kisha mama akasimama, na mdogo wangu mgongoni. Hakuwa amezoea Kiswahili. Alikitafuta neno kwa neno.

"Bwana, lile jino la pembeni ni jembe langu. Lilikatwa bila mimi kuulizwa. Naomba jembe lingine, nikalime na wenzangu."

Bwana Shamba alikohoa, akamgeukia mgeni, akasema maneno mawili matatu tu. Mgeni akatabasamu, akamwinamia mama kidogo na kutikisa kichwa kukubali. Watu wakapiga makofi.

Mama alirudi nyumbani amenyooka. Alinieleza jinsi mpini wa zamani utakavyofaa jembe jipya. Akangoja. Kila trekta liliponguruma bondeni alitoka nje kutazama kama kuna mtu anapanda mlima na jembe lake. Ngokela ya mama Ostina ikapita, na nyingine, na wanawake wakaanza kusema mke wa Fundi siku hizi anajisikia. Mvua ikaondoka. Shamba letu lilibaki na majani yake yamepangwa miraba, hakuna aliyeyafukia, na mwaka ule tulikula ugali kwa majani ya maboga mpaka tukayachukia.

Nilipofika darasa la tano, sista alitusimamisha siku ya kwanza ya Kiingereza akatufundisha kushukuru. Senki yu, tuliimba wote. Nikaketi wenzangu wakiwa bado wamesimama, kwa sababu maneno yale nilikwishayasikia, bondeni, kwenye kinywa cha Bwana Shamba.

Likizo nilimuuliza baba mbele ya mama. Alikuwa ametumikia wazungu miaka mingi kwenye mkonge. Neno hilo hata mpagazi alilijua.

"Mama aliomba jembe, Bwana Shamba akatafsiri kwamba anashukuru. Ulisikia?"

Baba alichezea kofia yake. "Ningemwaibishaje kijana wa watu mbele ya mgeni wake?"

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Mikono ikasimama. "Kumbe," alisema, "miaka yote hii nimemsema mzungu wa watu bure."

Nilipokuwa mtoto nilidhani dhambi ya baba ilikuwa ule msumeno. Lakini jembe lingine lilinunuliwa kahawa ilipouzwa. Mama aliomba haki yake mbele za watu mara moja tu maishani mwake, na baba, aliyeelewa vizuri kilichosemwa, alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.