Florence Apendi, Fundi wa Kufa

Kuna waigizaji wanaosifiwa kwa kulia, na wengine kwa kuchekesha. Florence Apendi wa Busia anasifiwa kwa kufa. Amekufa kwa malaria, amekufa kwa uzazi, amegongwa na lori la saruji, amenyongwa na mume mlevi, na mara moja, katika mchezo wa parokia, alikufa kwa njaa huku tumbo lake limejaa mihogo. Pale sokoni anakouza mashuka na mapazia ya mitumba wanamwita Marehemu, naye huitika bila kinyongo.

Wasichokijua ni kwamba mwanamke huyu ni mwoga kupindukia. Akiwa darasa la tatu huko Kiyeyi, wilaya ya Tororo, aliwekwa mbele ya wageni wa shule aghani shairi la beti mbili. Alifungua kinywa, neno likagoma kutoka, na badala yake ukatoka mkojo mpaka kwenye soksi. Tangu siku hiyo macho ya watu yakimwangukia kwa wingi, koo lake hujifunga. Katekista mmoja mwenye huruma ndiye aliyempa nafasi ya binti wa Yairo, yule maiti aliyefufuliwa na Yesu, katika igizo la Pasaka, kwa sababu binti yule amelala tu, hana la kusema. Apendi alilazwa juu ya meza, akafunikwa shuka, akasikia kanisa zima likipumua juu yake, na kwa mara ya kwanza hakuogopa chochote. Nani atamuuliza maiti swali? Alipotoka pale alikuwa amepata kazi ya maisha, ingawa hakujua.

Miaka ilipita, akaolewa Busia, akafiwa na mume, akabaki na biashara yake ya mashuka. Ndipo akakutana na Ochwo, mwalimu aliyeacha chaki huko Osukuru akaanzisha kikundi cha maigizo. Mwanzoni walicheza michezo ya afya kwenye masoko, mashirika yakiwalipia nauli na soda. Simu za kamera ziliposhuka bei, Ochwo akageuka mtengeneza filamu. Alimpenda Apendi kwa mambo mawili: anaweza kulala dakika nane nzi akimtembea mdomoni asitikisike, na huja na mashuka yake mwenyewe.

Ochwo hana mambo ya karatasi. Wachezaji wake hupewa kisa kwa mdomo, maneno wanajitungia, na kila mtu anatumia jina lake halisi, maana alipojaribu kuwapa majina mengine waliyasahau katikati ya ugomvi. Hilo lilikuwa halijawahi kumdhuru mtu, mpaka walipokwenda Masafu kupiga filamu ya mke aliyewekewa sumu na mke mwenza.

Walipewa boma la mkulima mmoja kwa siku mbili. Jeneza lilikuwa la kweli, limeazimwa kwa seremala. Ilukor, mchoraji wa vibao, aliuliza aandike jina gani kwenye msalaba, na Ochwo, aliyekuwa akigombana na waya za spika, akajibu bila kugeuka, "Andika ya kwake tu." Apendi alipofika akiwa amepakwa unga wa muhogo usoni na kuvikwa gomesi jeupe, lile gauni refu la mikono ya kunyanyuka mabegani, aliukuta msalaba umesimama: FLORENCE APENDI, mwaka aliozaliwa, na mwaka huu. Moyo ulimpasuka pa! Alitaka kusema, Mwalimu, hili si jambo jema, futa hilo jina. Lakini watu wa Masafu walikuwa wameshajaa, hamsini au zaidi, wote wanamtazama, na koo likafanya kazi yake ya kawaida. Akanyamaza, akaingia kwenye jeneza, akatiwa pamba puani.

Simu zilikuwa zimezimwa zote na kufungiwa kwenye mkoba wa Ochwo. "Hii siku mbili hakuna simu," alisema. "Mara ya mwisho marehemu amepigiwa simu ndani ya sanduku, mimi nimepoteza siku mzima." Kila mtu alicheka. Hakuna aliyefikiria simu za watazamaji.

Siku ya pili, saa tano na nusu asubuhi, kazi ilikwisha. Apendi alirudishiwa simu yake, akaiwasha huku anakula kiazi kitamu. Ilianza kutetemeka, ikatetemeka, ikakataa kunyamaza. Simu arobaini na tatu alizokosa. Meseji ya kwanza ilisema, "Pumzika kwa amani, Aunti." Ya pili ilikuwa video: yeye mwenyewe, uso mweupe, pamba puani, msalaba na jina lake kichwani, wanawake wanaomboleza. Mtu fulani wa Masafu alikuwa ameirekodi jana na kuirusha bila maelezo, ila jina la kijiji. Nyingine, ya jana alasiri, ilitoka kwa Prossy, mke wa kaka yake huko Kiyeyi, kwenda kwa watu wote wa ukoo: "Kaburi linachimbwa kesho. Maiti inatoka Masafu, hatujui saa ngapi. Mama asiambiwe ghafla."

Kiazi kilimwanguka mkononi. Mama yake Apendi ni mjane wa miaka sabini na mbili, mwenye presha. Mwaka jana alianguka kwa habari ya kuibiwa ng'ombe mmoja tu, akalazwa siku tisa, na daktari akawaambia watoto wazi kwamba mshtuko mwingine hatapona. Kama ng'ombe alimwangusha hivyo, binti je?

Akampigia Owori, baba yake mdogo, mkubwa wa boma.

"Baba Mdogo, ni mimi Apendi. Mimi sijafa!"

Upande wa pili sauti ya mzee ikatoka kwa hasira. "Wewe mwizi. Simu ya marehemu umeitoa wapi? Unataka tukutumie pesa? Shetani wewe!" Akakata. Alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Akampigia Prossy, na Prossy aliposikia sauti alipiga yowe moja refu, simu ikasikika ikigonga chini. Simu ya mama haikupatikana kabisa. Bila shaka walikuwa wamemnyang'anya ili asiambiwe ghafla.

Apendi aliitia simu kifuani. Maisha yake yote alikuwa anaogopa watu, lakini hofu ya siku hiyo ilikuwa nyingine. Hakumuaga Ochwo. Alimkimbilia mwendesha boda wa kwanza aliyemwona barabarani, kijana wa Kiteso aitwaye Ecodu, akapanda nyuma.

"Kiyeyi. Haraka."

"Kiyeyi ya Tororo? Mama, hiyo iko mbali."

"Nenda!"

Wakaenda. Njia za ndani zilikuwa vumbi tupu na mashimo, na kila Ecodu alipopunguza mwendo, Apendi alimpiga mgongoni. Alijaribu kusali akashindwa kumaliza sala. Kila alipofumba macho alimwona mama yake ameanguka mlangoni, na watu wanaongeza shimo la pili pembeni ya la kwanza. Alijilaani kwa msalaba ule. Neno moja tu lilitakiwa, futa, na yeye akalimeza kwa sababu ya macho ya watu asiowajua. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa!

Walipoingia Kiyeyi, kabla hawajaona boma, walisikia ngoma ndefu ya msiba, ile inayopigwa kwao Wajopadhola mtu akifa. Ecodu akapunguza mwendo.

"Mama, huko kuna kilio. Wewe nakwenda matanga?"

Apendi alimpiga mgongoni aendelee. Alijua ngoma ile inapigwa kwa ajili yake. Ilimjia ghafla kwamba huenda sasa inapigwa kwa ajili ya mama, na kwa mlio tu hakuna awezaye kuzitofautisha. Akamshika Ecodu kiunoni kwa nguvu hata kijana akalalamika.

Turubai lilikuwa limetandazwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, gogo la moto linafuka. Apendi aliruka kutoka kwenye pikipiki akakimbia kuelekea kwa watu. Hapo ndipo alipokosea, maana kwa haraka zake alikuwa amesahau kwamba bado amevaa gomesi jeupe la kuzikwa, na unga wa muhogo umekauka usoni. Prossy ndiye aliyemwona kwanza. Sufuria ya maharage ilikwenda upande wake na Prossy upande wake. Ngoma ikakatika. Viti vikaanguka, wazee wasioweza kutembea juzi wakaruka ua wa michongoma, na katika dakika moja uwanja mzima ulibaki na mtu mmoja, Owori, amesimama kando ya udongo mwekundu uliotoka kuchimbwa, ameinua jembe.

"Kama wewe ni mtu, sema!" alipaza sauti. "Sema, au nakukata!"

Apendi akafungua kinywa. Nyuma ya michongoma, nyuma ya migomba, nyuma ya jiko, macho mia yalikuwa yanamtazama. Hakuna kilichotoka. Alisimama pale mdomo wazi, mweupe, kimya, yaani kama mzimu hasa, na jembe likazidi kupanda juu.

Ecodu ndiye aliyemwokoa. "Mzee, weka hiyo jembe chini!" alisema akishuka. "Huyu mimi nabeba kutoka Masafu. Mgongo yangu inauma, yeye napiga kama ng'ombe, ati ongeza mwendo. Maiti gani inafanya hivyo?"

Jembe likashuka kidogo. Ndipo koo la Apendi likafunguka, likatoa swali moja tu.

"Mama yuko wapi?"

Owori akaliachia jembe, machozi yakaanza kumlengalenga. "Yuko ndani," alisema. "Alizisikia habari jana jioni, watoto hawawezi kufunga midomo. Tangu hapo hajalia. Tone moja hajatoa. Tumeogopa, mwanangu, tumeona akili imemruka."

Apendi alikuta mlango uko wazi. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, ungo wa karanga mapajani, anamenya. Alimenya moja, akaipuliza maganda, akainua macho.

"Umechelewa," alisema kwa Dhopadhola, lugha yao. "Kanawe uso."

Apendi alianguka magotini, akamkumbatia miguu. Alicheka na kulia pamoja, hajui kipi kimetangulia. Mama aliendelea kuongea kwa sauti ileile ya kawaida, kama anayeeleza bei ya chumvi.

"Nimewaambia tangu jana. Nikawaambia, huyu nimemwona akifa kanisani Tororo, nimemwona akifa sokoni, wajukuu wamenionyesha kwenye simu akifa mara nne. Kila mara anaamka, anajipangusa, anauliza chakula kiko wapi. Subirini, ataamka. Wakaniona mwendawazimu. Owori analia huko, mimi namwambia, shemeji, acha ujinga, kaa chini usubiri."

"Mama, nisamehe. Nilifikiri presha..."

"Presha ya nini? Sikuogopa hata kidogo."

Kisha karanga zikaanza kuruka kwenye ungo. Apendi akadhani ni yeye anayeutikisa, akaondoa mikono. Ungo ukaendelea. Ilikuwa mikono ya mama, halafu mabega, halafu kidevu. Alimshika binti yake usoni, vidole vikaingia kwenye unga mkavu, na uso wa yule mzee ukabomoka.

"Apendi," alisema, "siku ukifa kweli, mimi nitajuaje? Nitakaa hapa hivihivi namenya karanga. Watakuleta, nitawaambia subirini. Watakuzika nami sijakulilia. Umenifanya nini, mwanangu?"

Apendi akauondoa ungo mapajani pa mama, akalaza kichwa chake pale.

Nje watu walikuwa wamerudi mmoja mmoja. Wazee walikaa na Owori wakakata shauri ambalo kila mtu alilijua: kaburi lililochimbwa haliachwi wazi kusubiri mtu mwingine. Kabla jua halijatua lazima lifukiwe, na lazima kiwemo kitu ndani. Vijana wakaenda kukata mgomba, wakapima shina lake lilingane na urefu wa Apendi, wakalifunga kwa shuka. Owori alimwambia mama abaki ndani, isije presha ikampanda. Mama akakataa. Alitoka amemshika binti yake kifundo cha mkono, wakasimama ukingoni.

Shina likashushwa. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeimba, maana nyimbo za jambo la namna hiyo hazipo. Watu mia na zaidi walisimama kulizunguka shimo. Udongo wa kwanza ulipogonga shuka, mama alishtuka mwili mzima, akamgeukia Apendi, akamkuta ametulia vilevile kama anavyojua kutulia, macho chini, hata pumzi haionekani.

"Ongea," mama alisema.

"Niseme nini, Mama?"

"Chochote. Kwa sauti. Nikusikie."

Apendi aliyatazama macho yale yote. Koo likaanza kujifunga. Jembe likamwaga udongo tena. Akaanza. Sauti ya kwanza ilitoka kama ya kuku aliyebanwa, lakini ilitoka. Alisema mashuka ya rangi hayauziki siku hizi, watu wanataka meupe. Alisema barabara ya kutoka Masafu ina mashimo tele na kijana Ecodu hajala tangu asubuhi, mtu ampe chakula. Alisema jina lake, jina la baba yake marehemu, majina ya ndugu zake kwa kufuatana. Machozi yalichora mistari kwenye unga, na watu mia walimsikiliza huku vijana wakifukia.

Alipofika mwisho wa maneno alimeza mate, akanyamaza kidogo apumue. Mama alimfinya mkono kwa nguvu mpaka mfupa, naye Apendi akaanza tena.