Mwaka baridi ilipokuja na manyunyu: yaliyotukuta na miembe yetu Nyegina

Wakuu, heshima kwenu wote, na shikamoo kwa mlionizidi umri.

Naona vijana humu mnahamasishana kilimo cha matunda. Hesabu zinapigwa kwenye simu, kila mti unazaa, kila embe lina mteja. Sipingi. Ila ngoja niwasimulie yaliyonikuta mimi mwenyewe. Siongezi kitu.

Mimi ni mama wa Nyegina, Musoma Vijijini. Niliolewa pale miaka ile ya shida, sabuni tunapanga foleni, sukari mpaka umjue mtu. Mume wangu Mafuru alikuwa fundi mitambo kiwandani Musoma mjini. Mimi nilikuwaga namwita Baba Bwire, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza.

Baadaye biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa. Ila kiwandani kwao wakaanza kupunguza watu, na yeye akapunguzwa.

Akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake. Hakuwa mtu wa kukaa. Akatafuta miche ya maembe ya kisasa, ile ya kubebesha, yaani tawi la mwembe mzuri linaunganishwa kwenye shina la mwembe wa kienyeji. Akasema sasa soko ni huria, matajiri wa Mwanza watakuja wenyewe shambani.

Shida ilikuwa eneo. Shamba tulilokuwa nalo lilikuwa la muhogo. Akang'oa muhogo wote.

Mama mkwe akaja ameshika kiuno.

"Mafuru, embe halisongwi ugali."

"Mama, nikivuna nitakununulia unga kwa magunia."

"Utanunua. Na mwaka usipovuna?"

Mafuru akaendelea kuchimba mashimo.

Miaka ya kusubiri nililisha nyumba mimi. Nilikuwaga nachukua dagaa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha, napeleka mnadani Butiama, nabadilisha na mtama. Yeye anachota maji ziwani kwa baiskeli, madumu nyuma, anamwagilia mti mmoja mmoja. Kugombana tuligombana, sitaficha. Lakini uvivu sikuuona kwake hata siku moja.

Hapa niwaeleze kidogo, maana watu wa Njombe wanatucheka tukisema Musoma kuna baridi. Ipo. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa asubuhi unatoka ziwani, sweta utalitafuta. Ila ni baridi kavu, na mwembe unaitaka. Ikishika vizuri ndiyo mti unatoa maua. So baridi yenyewe siyo adui. Ubaya ni ikija na maji.

Mwaka wa kwanza wa kutegemea mavuno, miembe ilitoa maua mpaka majani hayaonekani. Tajiri mmoja wa Mwanza akapita, akatembea shamba lote, akasema yakikomaa anachukua yote. Jumapili ile Baba Bwire aliimba kanisani mpaka watu wakageuka kumwangalia.

Haikuchukua muda, hali ya hewa ikabadilika. Mawingu yakashuka. Yakaanza manyunyu, yale madogo hata nguo hayalowanishi vizuri. Asubuhi yapo, jioni yapo. Jua hakuna. Nyuki nao hawatoki.

Maua yakapata kitu kama unga mweupe, halafu yakawa meusi kama yamepitiwa na moshi. Ukigusa, yanabaki mkononi. Bwana shamba alipokuja akasema huo ni ukungu, tafuteni dawa ya salfa mpige haraka.

Baba Bwire akaenda Musoma mjini, akakosa. Akapanda lori mpaka Bunda, akakosa. Maduka yamejaa redio, sabuni za kunukia, mitumba inaning'inia mpaka mlangoni. Dawa iliyokuwepo ni ya pamba tu.

Basi akaamua kupigana kwa mikono. Kukipambazuka yupo shambani, anatikisa tawi moja moja ili maji yadondoke. Na maji yote yanaishia mgongoni kwake. Akimaliza anawasha moto wa pumba chini ya miti, eti joto likaushe maua, na yeye anakaa humo humo kwenye moshi.

"Baba Bwire, utaumwa."

"Mama Bwire, nikiacha leo nimeacha yote."

Kilianza kikohozi. Kisha kichomi, akawa anapumua ameshika ubavu. Tulimsukuma kwa baiskeli mpaka barabarani, tukapata gari la kwenda hospitali Musoma. Wauguzi walijitahidi, Mungu awabariki. Tulikuwa tumechelewa.

Siku ya mwisho aliyoongea vizuri aliniuliza, "Yametunga?" Yaani kama maua yamegeuka matunda.

Nilitamani kusema ndiyo. Lakini huyu mtu nilikuwa sijawahi kumdanganya.

"Hayajatunga, Baba Bwire. Yamedondoka yote."

Akaangalia dari. Kisha akasema, "Basi mwambie mama arudishe muhogo."

Kesho yake akafariki.

Tulizika manyunyu yakiendelea. Mama mkwe hakuwahi kuniambia "nilisema mimi". Matanga yalipokwisha alikuja na mbegu za muhogo kichwani, tukapanda katikati ya mistari ya miembe.

Sasa kinachoniuma mpaka leo ni hiki. Mwaka uliofuata baridi ilikuja kavu kama kawaida. Miembe ikazaa mpaka tukaegemeza matawi kwa miti. Yule tajiri akaja na gari, akauliza, "Mzee yuko wapi?"

Nikamwonyesha kaburi, lipo pale ukingoni mwa shamba. Akavua kofia, akasimama. Halafu tukaanza kuchuma, maana maembe hayasubiri.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba mti wa matunda unaulima pamoja na hali ya hewa, na hali ya hewa haijui umewekeza nini wala umeachishwa kazi wapi. Panda matunda, lakini usiguse chakula cha watoto. Na shamba lisikutoe roho. Msimu ukiharibika, acha uharibike, wewe ubaki.

Wenzangu wa Bunda, Butiama na Bukima, na wa mikoa mingine mnaolima matunda, baridi ya kwenu miaka hii ikoje? Mliopata manyunyu wakati wa maua mlifanyaje? Nahitaji kujua kweli, maana leo nimeamka mawingu yamelala juu ya ziwa, na miembe ina maua.