Bastola wa Karagita

Jina lake la nyumbani lilikuwa Sitati, lakini kuanzia Karagita hadi Nakuru mjini watu walimjua kama Bastola. Kwa zaidi ya miaka kumi alirap kuhusu bunduki aliyoilaza chini ya godoro, maadui aliowazika na polisi waliomkimbia. Ukweli ni kwamba hakuwahi kushika hata manati. Debe tupu haliachi kuvuma, na uvumi huo ndio uliomlipia kodi ya nyumba.

Sasa, Agosti 2008, alikuwa ameketi katika studio ya Navneet, juu ya duka la vipuri la baba yake Navneet, akingoja kuhukumiwa. Albamu mpya ilikuwa tayari, na hakuna mlio wa risasi uliosikika ndani yake. Navneet, aliyemrekodi tangu enzi za kanda, alizipenda nyimbo zote isipokuwa ya mwisho, wala hakumficha: nani atanunua Bastola anayejificha? Sitati alimjibu kwamba uamuzi huo haukuwa wa wao wawili. Ulikuwa wa Milcah. Milcah akikataa, wimbo unafutwa.

Milcah alifika mchana akitoka sokoni. Huko Karagita yeye na Sitati walikuwa wapangaji wa ploti moja, vyumba vikitenganishwa na ukuta mmoja, kabla ya ghasia za uchaguzi za Januari kumfanya mjane. Sitati alimpa kiti, akamwomba asikilize hadi mwisho ndipo aseme lolote. Navneet akamfungulia mgeni soda.

Sauti ikaanza, nzito, bila majigambo. Ilisimulia asubuhi ile vijana wenye mapanga walipoingia kwenye ploti wakiuliza watu majina ili wajue kabila zao. Makokha, mume wa Milcah, alikimbilia mlango wa Bastola, akaugonga akimsihi atoke na bunduki, apige hata moja hewani, awatishe tu. Bastola alikuwa uvunguni mwa kitanda, blanketi mdomoni. Hakujibu wala hakufungua. Kisha mlango ukaacha kugongwa.

Wimbo uliisha. Sitati hakuthubutu kumtazama Milcah usoni. Miezi yote hiyo alikuwa amekula ugali wa mwanamke huyu, akamliwaza, akalia naye, na neno hilo akalimeza pamoja na ugali. Alijichukia. Alingoja kofi au laana, na kwa kweli alivitaka vyote viwili.

"Kwa hivyo hakukuwa na bunduki," Milcah alisema.

"Haijawahi kuwa, shemeji."

"Hata hiyo siku?"

"Hata siku moja."

Milcah aliivuta ncha ya leso yake, akaizungusha kidoleni, akaiachilia. Navneet aliinuka taratibu akatoka nje.

"Makokha alikuwa anataka turuke ua ya nyuma," Milcah akasema. "Alikuwa ashabeba mtoto wetu Shantel. Ni mimi nilimwambia hapana, aende kwa Bastola, ako na bunduki. Nyimbo zako nilikuwa nazijua zote."

Machozi yalimtoka Sitati mbele ya mwanamke aliyekuja kumhukumu, naye hakuyapangusa. Akanyoosha mkono kwenye mitambo ili aufute wimbo mwenyewe, maana alidhani ndivyo atakavyoambiwa.

Milcah akamshika mkono.

"Usifute. Itoe, watu wasikie," akasema. "Kuna mtu huko nje bado anaamini uko na bunduki."