Kifuniko Chenye Ufa

Chuki ya Silvano ilikuwa ya kufugwa, si ya kuzuka ghafla. Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, Mwenyekiti Hassani alileta mgambo wakabomoa nyumba ya baba yake juu ya Lukozi, wakakanyaga na maharage yaliyokaribia kuvunwa. Mzee alifia kwenye kibanda cha kijiji kipya, akiulizia mibuni yake mpaka kauli ikakatika. Silvano akaapa kwamba Hassani atalipa, tena atalipa taratibu.

Basi Mungu akamletea pikapu pale gereji kwake. Ilikuwa kuukuu, ya kijiji kwa jina, ingawa aliyeipanda ni Mwenyekiti peke yake.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Silvano alisema, maana mkubwa ni mkubwa hata ukimchukia.

"Marahaba, fundi. Hii gari inanitesa. Mafundi wa Mombo wameipima, wanasema nzima. Nikipanda huku Magamba inaanza kumisi, inakatakata, mara inazima kabisa. Jua likitoka, inawaka."

Silvano alielewa nusu ya ugonjwa hapohapo. Mombo kuna joto, tena ni kukavu. Huku juu kuna ukungu. Akaiacha pikapu nje ya gereji mpaka ukungu uliposhuka, akawasha injini, akafunua boneti. Injini ikaanza kukohoa. Kwenye kifuniko cha distributa, pale zinapochomekwa waya za plagi, cheche ndogo ya buluu ilikuwa ikitambaa juu ya ufa mwembamba kama unywele. Unyevu ukiingia pale, umeme haufiki kwenye plagi. Kifuniko kizima alikuwa nacho kabatini.

Hakukitoa. Alikifuta kile cha zamani kwa kitambaa kikavu, akakirudisha, injini ikanguruma vizuri.

"Ni plagi tu, Mwenyekiti, zilikuwa chafu," alisema, na moyo wake ukaburudika.

Kila Hassani aliporudi, Silvano alifuta, akafunga, akampa pole. Alimwona akilini amekwama msituni, mvua inamnyeshea, hana wa kumsaidia, kama mzee wake alivyokosa msaada. Alifurahi, na sifichi, alifurahi sana. Nyumbani hakuthubutu kusema anatengeneza gari la nani, kwa sababu mama yake, Esta, asingekula chakula kilichotokana na kazi hiyo.

Lakini hasira zilimsahaulisha jambo analolijua kila mtu wa milimani. Gari likikwama kwenye mlima, haiulizwi ni la nani. Wanaopita wanatua mizigo yao, wanasukuma.

Jioni moja ya masika Esta alichelewa kurudi kutoka sokoni. Alikuwa na matope hadi magotini na kiganja kimechunika. Silvano akamletea maji ya moto, akamuuliza kulikoni.

"Tumesukuma gari la Hassani," mama alisema. "Kutoka msituni mpaka juu kabisa. Mimi, jirani yetu Yunis, na wengine wote aliotubomolea nyumba. Yeye yumo ndani ameshika usukani."

Silvano alichovya kitambaa kwenye maji, akaanza kumwosha miguu.

"Nilitaka kumlaani, mwanangu. Lakini akateremsha kioo, akasema kosa si lake, ni la fundi. Kila akipeleka gari, fundi anamdanganya. Watu wakamhurumia. Hassani huyuhuyu, wakamhurumia. Laana zote tukampa huyo fundi. Simjui ni nani, lakini mimi nilimlaani kwa jina la marehemu baba yako."