Mtu Kamili kwa Kanda Moja

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, vitu vya Dubai vikaanza kufika hadi Dodoma. Rafiki yangu, mchora ramani wa ofisi ya ardhi, akaletewa na kaka yake kamera ya video iliyokwisha tumika. Kitufe cha kusimamisha kilikuwa kimekufa. Ukishaiwasha inarekodi mpaka kanda iishe. Kwa harusi haikufaa kitu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilimwambia basi tutengeneze filamu isiyokatwa hata mara moja.

Yeye ndiye aliyesema imhusu mtu kamili. Tungemuunda kwa viungo vya watu tofauti, kila kiungo kutoka kwa mtu asiye na mpinzani: miguu ya mzee mmoja mfugaji wa Mkonze ambaye vijana walishindwa kuongozana naye, sauti ya mwimbaji wa kwaya yetu, na mikono ya mama yangu mdogo, mpiga chapa wa serikali aliyesifika kwamba hafuti hata herufi.

Mama mdogo alikubali kabla sijamaliza kueleza. Ofisini kwao walikuwa wanapunguza watu, na kompyuta ya kwanza ilikuwa imeshafika. Alitaka mkuu wake aione hiyo mikono.

Tulikuwa na kanda moja ya nusu saa, na betri isiyozidi hapo. Jumamosi asubuhi tukamweka kila mtu mahali pake: mzee njiani, mwimbaji ukutani mwa kanisa, mama mdogo barazani kwetu na mashine yake ya chapa. Rafiki yangu alirekodi akitembea kinyumenyume, nami nimemshika mkanda wa suruali asianguke. Mzee alitoka kwa mwendo wake wa kawaida, sisi tukajikuta tunakimbia. Kanisani upepo ulimmwagia mwimbaji vumbi jekundu usoni. Akafumba macho, akaendelea kuimba.

Barazani mama mdogo alikuwa ameanza. Vidole vilipita juu ya mashine kana kwamba havigusi. Ghafla vikasimama. Herufi mbili zilikuwa zimepanda pamoja na kukwamana.

"Zima," akasema.

Rafiki yangu akamwambia haizimiki.

"Basi rudini mwanzo. Siwezi kuonekana hivi."

Betri ilikuwa inakaribia kufa. Nilichuchumaa karibu naye, nje ya kamera.

"Mama mdogo, endelea tu. Mikono ni ileile."

Alinitazama, akatazama vidole vyake, kisha akacheka. Cheko lile sikuwa nimelisikia tangu habari za kupunguzwa zianze. Akazitenganisha herufi kwa ukucha, akajifuta wino kwenye kanga, akaendelea kupiga hadi kanda ikaisha.

Tuliionyesha kesho yake baada ya ibada, kwenye televisheni ya ukumbi wa kanisa. Watu walisimama hadi madirishani. Mkuu wake hakuja, na miezi michache baadaye jina la mama mdogo lilitoka kwenye orodha ya waliopunguzwa. Lakini siku ile ukumbi mzima ulimpigia vigelegele zaidi pale alipokwama, kuliko hata pale alipopiga bila kosa, naye akaomba tumrudishie kipande hicho mara tatu.

Kelele zilipotulia, mzee mfugaji alinyanyua fimbo yake. Alisema miguu ameitambua, sauti ameisikia, mikono ameiona.

"Sasa mwalimu, huyu mtu wenu kichwa chake kiko wapi?"

Nilimgeukia rafiki yangu. Katika wiki zote zile za kupanga, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria kichwa. Ukumbi ulivunjika mbavu. Kabla sijajibu, watu walikuwa wameshaanza kubishana ni cha nani kingefaa, na mwimbaji wa kwaya alikuwa amesimama juu ya benchi akionyesha chake.