Unga Usio na Harufu

Nakumbuka ile siku mama alipoloweka mihogo kwenye mtungi nyuma ya nyumba yetu hapa Baraka, akaniambia nisiiguse mpaka siku ya nne. Alikuwa anapanda kwenda Fizi kumwona dada yake aliyejifungua. Ilikuwa miaka ya hamsini, mwanangu, wakati wa Wabelgiji, na mimi ndiye msichana wa kwanza wa mtaa wetu kumaliza shule ya masista. Nilikuwa na cheti, Kifaransa nakijua, kushona nakujua, na kichwa kimevimba.

Siku ya pili mtungi ukaanza kunuka. Shuleni tulifundishwa kwamba maji yanayonuka huleta magonjwa. Kweli mwalimu alisema maji ya kunywa, lakini mimi nikajiona nimeelewa kumpita mwalimu mwenyewe. Nikayamwaga. Nikaosha mihogo kwa maji safi, nikaikata vipande vyembamba, nikaianika, nikaitwanga. Unga ulitoka mweupe, hauna harufu hata kidogo, na sikufichi, nilitamani wageni wafike upesi wauone.

Wageni wenyewe walikuwa watu wa Petro kutoka Swima, wanakuja kunitazama kabla ya kuleta neno la ndoa. Petro nilimpenda sana. Wasiponikubali, nilijua nitabaki na cheti changu mkononi na machozi yangu.

Mama alirudi asubuhi ya siku ya wageni, akawa anawapokea mbele ya nyumba. Jikoni nikabaki na shangazi Wabiwa, dada wa baba, ambaye hakuwahi kukalia benchi la shule. Maji yalikuwa yameshachemka. Akainamia ungo, akanusa.

“Mamzele,” ndivyo alivyonitania, kama binti wa Kizungu, tangu nirudi kwa masista, “hii unga mbona haina harufu? Ulilobeka mihogo siku ngapi?”

“Siku moja tu, shangazi. Maji ilikuwa chafu. We haukusoma, mambo ya usafi hauijue.”

Ndiyo, mwanangu, mdomo huuhuu ulisema hivyo. Shangazi alichukua unga kidogo akauweka ulimini, akatema. Kisha akaniambia nionje na mimi. Ulikuwa mchungu mpaka kooni.

“Hii mihogo iko ile ya uchungu,” akasema polepole. “Iko na sumu. Kukaa ndani ya maji ndiyo kunaitoa, na ile harufu unachukia ndiyo inatuambia kazi imeisha. Bageni bangekula hii, leo tungelia.”

Nilidhani ataita mama, wageni watasikia, na ndoa imekwisha. Yeye akatoka nje akawaambia kuni ni mbichi, moto unasumbua, wavumilie kidogo. Akaenda kwake, akarudi na unga wake mwenyewe, akanipa mwiko nisonge mimi. Ule wangu akaufukia shimoni, akatupa na mawe juu ili kuku wasiufukue.

Wageni walikula ugali na mikeke, samaki wa ziwa letu. Mama yake Petro akauliza nani amepika, na shangazi akasema, “Ni huyu mutoto yenu.” Mdogo wake Petro alikuwa na miaka mitatu hivi, amekaa mapajani kwa mama yake, akanyoosha mkono kuomba nyongeza. Nilipomwona anameza nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kulia jikoni.

Shangazi akanifuata. Nikamwomba msamaha, nikamuuliza mbona hakunisema.

“Ningekusema mbele yabo, ungeshika haya tu,” akajibu. “Sasa umeshika mambo ya mihogo.”

Watu wa Petro walinikubali. Kesho yake shangazi alikuja na kipande cha makaa, akaketi kwenye kizingiti. “Mamzele, na mi nifundishe kuandika jina yangu.” Alihangaika nalo wiki nzima, anacheka, anafuta, anaanza tena. Mimi nilipoulizwa tu nilimtukana aliyetaka kunisaidia. Hapo ndipo niliona nani kati yetu ameelimika.

Sasa wewe unakwenda Uvira kusomea uuguzi, na nafurahi mpaka nacheka peke yangu. Soma, mwanangu, soma sana, shule ni kitu kizuri na mimi sijawahi kuijutia. Lakini juzi nilikusikia ukimkatiza yule mama wa sokoni anayeosha watoto kwa majani, kabla hata hajamaliza kusema anafanya nini na kwa nini. Labda amekosea, labda hajakosea. Muulize kwanza. Akiwa amekosea, mrekebishe pembeni, asiaibike. Mtu asiyeuliza hajaelimika, hata awe na vyeti vya kujaza sanduku, na huyo asiyeuliza anaweza kuua watu huku mikono yake ni safi.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe kujua, na akupe kukubali kuambiwa. Watakaopita mikononi mwako, mwanangu, wote waamke asubuhi.