Divai ya Mananasi Kinanira

Kazi ya divai nilijifunzia nyumbani, kwenye mashamba ya zabibu ya Dodoma, nilipomaliza kidato cha nne. Mavuno yakiisha nilifunga begi. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba mimi hakunizaa, nilipita tu kwake. Sikumbishia. Hadi leo, na umri huu wa miaka arobaini na kitu, nikisikia honi ya meli miguu inawasha.

Nilikuwa Kigoma, nikisaidia kuanika dagaa, niliposikia habari za mwanamke wa Bujumbura anayetengeneza divai kwa mananasi na anayetafuta mtu mwenye mkono wa kazi hiyo, kwa msimu mmoja. Vita vya Burundi vilikuwa havijaisha. Mwenye dagaa wangu alinitazama nikikunja nguo.

"Wenzako wanatoka huko na magodoro kichwani," alisema. "Wewe unakwenda kukamua mananasi?"

Nilikwenda. Meli ya mizigo ilituteremsha Bujumbura asubuhi, na kitu cha kwanza nilichokiona ni milima ya Kongo ng'ambo ya pili ya maji, karibu kiasi kwamba nilitaka kuuliza nauli ya kwenda huko pia.

Nyumba ilikuwa Kinanira, kwenye mteremko, na kiwanda chenyewe kilikuwa gereji. Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyewahi kufundisha mapishi shuleni. Watu wote walimwita Madame, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alipima sukari kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Mapipa ya plastiki ya buluu yalipangwa ukutani, kila moja na mpira wake ukiingia kwenye chupa ya maji, na mchana kutwa yalikuwa yanabwabwaja. Chupa tulikusanya Kinindo, kwenye mageti ya wageni wa mashirika. Mazamu, yaani walinzi, walituwekea zilizokwisha kunywewa, tukazichemsha na kuzibandua karatasi.

Mtambo wa kukamulia ulitengenezwa na fundi wa magari kutoka Buyenzi, Mwislamu wa watu, mwenye mikono myeusi ya grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga. Alichukua jeki ya lori, akaifungia kwenye fremu ya chuma, na nanasi likawa halina ujanja. Alikuja kila siku kuitazama jeki yake, lakini divai hakuigusa.

"Inanuka vizuri," alisema, pua juu ya pipa. "Inanuka kama dhambi."

Jumapili nilikuwa huru. Madame akienda kanisani, mimi nilishika barabara. Niliteremka hadi ziwani nikaona nyayo za kiboko kwenye mchanga, pana kama sinia, zikitoka majini na kupotelea kwenye bustani ya mtu. Nilikwenda Rohero, kwenye soko kuu, nikazunguka chini ya paa lile kubwa mpaka nikapotea kati ya vitenge na samaki wakavu. Wiki nyingine fundi alinikaribisha Buyenzi. Mkewe alinipikia maharage na ndizi na kuniuliza kama Dodoma kuna maji. Mlimani sikuweza kwenda. Palikuwa na kizuizi cha askari, na siku nyingine milio ya bunduki ilisikika huko juu mchana kweupe. Watu waliinua vichwa, wakasikiliza ni upande gani, wakaendelea kununua nyanya. Jioni kila mtu alikuwa ndani kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje.

Katika mji huo, wenye hofu kiasi hicho, ndipo nilipogundua kwamba sitaki kuondoka. Sikuwa nimezoea hisia hiyo. Nililala kwenye godoro la stoo, nikisikiliza mapipa, na nikajikuta nahesabu mitaa ambayo sijaiona.

Lakini divai haikutoka. Wenye baa walisema watu wao wanataka bia. Chupa zilijaa rafu za stoo, na moja ilipasuka yenyewe kwa gesi, ikaloanisha blanketi langu. Siku moja Madame aliniita barazani akaniambia bila kuzunguka. Jirani mmoja wa Kinindo alikuwa anapokea mahari ya binti yake, na alikubali divai yetu iwekwe mezani. Wazee wakiinywa, harusi ni yetu, na familia nyingine zitafuata. Wakiiacha, atafunga gereji.

"Na wewe utapanda meli ya wiki ijayo," alisema. "Sitaki kukudanganya."

Sherehe ilifanyika mchana, kama sherehe zote za miaka hiyo, ili watu wawahi kurudi. Madame alikaa mbele na kina mama, wote na nguo zao ndefu za kufungia begani, zinazong'aa. Mimi na fundi, aliyebeba makreti, tulikuwa jikoni. Nilizitazama zile nguo, nikaikumbuka ile chupa iliyopasuka. Nikaona busara ni kutoa gesi mapema. Nikavuta vizibo vyote, povu likatulia, nikavirudisha kwa kidole gumba. Kwetu ndivyo tulivyofanya kwenye sherehe za parokia, na watu walinishukuru.

Tulipanga chupa mezani. Msemaji wa upande wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye fimbo, alishika kizibo kwa vidole viwili. Kikatoka bila sauti. Alikitazama, akakirudisha taratibu, akakunja mikono yake tumboni. Meza ya pili wakafanya hivyo hivyo. Hakuna aliyelalamika. Walizungumza, walicheka, na glasi zilibaki kavu. Nilimwona Madame kwa mbali, ameshika kitambaa chake cha mkononi kwa mikono miwili.

Fundi alinivuta pembeni. "We dada, nani amefungua hizi chupa?"

"Mimi. Zisiwarukie watu."

"Umefungulia wapi?"

"Jikoni."

Akajishika kichwa. "Mama yangu we! Hapa chupa inafunguliwa mbele ya macho ya mutu. Ukimuletea mutu kinywaji kimefunguliwa kule nyuma, ni kama unamuambia: kufa."

Nikaelewa. Hofu ya sumu ilikuwepo kabla ya vita, alisema, ni adabu ya tangu zamani. Na sasa hapa walikaa watu wa familia mbili ambao hawakujuana vizuri, katika miaka ambayo mtu hakumwamini hata mwuza maziwa.

"Sasa tufanye nini?"

"Mwenye kuleta anaonja wa kwanza. Iko njia hiyo tu."

"Basi onja, wewe wanakujua."

"Mimi? Astaghfirullah! Mungu ananiona, na bibi yangu naye ataninusa."

Nilichukua glasi nikaenda kwa yule mzee. "Shikamoo mzee," nilisema. "Mimi ni mgeni, natoka Tanzania. Kwetu chupa tunafungulia jikoni, sikujua ya hapa. Naomba ninywe mbele yenu."

Mzee alinitazama toka kichwani hadi kwenye kandambili. "Mutanzania," alisema. "Bon. Kunywa tukuone. Apana kulamba. Kunywa."

Nikamimina, nikanywa glasi nzima.

"Tungoje kidogo," mtu mmoja alisema nyuma yake. "Sumu ingine inachelewaka."

Kicheko cha kwanza. Mzee akainua fimbo. "Huyu mutoto akianguka, ng'ombe zetu tunarudi nazo!"

"Ng'ombe zimekwisha kula majani yetu!" baba wa bibi harusi alijibu kutoka upande wa pili. "Zinabaki, hata tukufe sisi wote!"

Mzee alisogeza glasi yake. Nikammiminia. Alishika divai mdomoni, akatazama juu, akameza. Wenzake walisubiri uso wake. Akasogeza glasi tena.

Nikadhani nimemaliza. Meza ya pili wakaniita kwa kidole. "We Mutanzania, ile ilikuwa chupa ingine. Hii yetu nani ameionja?"

Walikuwa na haki. Basi nilikwenda meza kwa meza, glasi kwa glasi, fundi nyuma yangu na sinia, akinishika kiwiko kila nilipogeuka. "Mi nakushika tu," alikuwa anawaeleza watu. "Pombe simo." Kina mama walidai nao nionje kwao, kisha wakadai nicheze. Inasemekana nilicheza. Kumbukumbu yangu ya mwisho iliyo wazi ni ya mzee akiaga, jua bado likiwepo, akimwambia Madame kwa sauti ya hotuba:

"Hii inapiga polepole, lakini inapiga. Ije kwa harusi. Ije imefungwa. Na huyu mutoto aje avute vizibo mbele yetu, tumemuzoea."

Asubuhi kichwa kilikuwa kama pipa. Madame alisimama mlangoni pa stoo na bakuli la uji, amekwisha kuvaa nguo za kanisani.

"Harusi ni mwezi ujao," alisema. "Na mama wa meza ya nyuma ana ubatizo. Nimewapa neno langu. Na wewe?"

"Hata mimi, Madame."

Aliweka uji sakafuni karibu na mkono wangu. Akasema chumba cha watoto ni kitupu, nihamie huko nikiweza kusimama. Meli iliondoka wiki ile bila mimi, na misimu miwili mingine ilipita kabla sijafunga begi. Lakini Jumapili ile ya uji, kwa mara ya kwanza tangu nifike, sikwenda kutembea. Nilikunywa uji wote, nikalala tena mpaka jua likahamia upande wa Kongo.